Mume Hayumo Kwenye Hadithi

Kazi yangu ni kufa. Msinionee huruma, nalipwa, na chakula cha mchana napewa kile cha waigizaji, si kile cha wabeba taa. Kila Jumanne jioni mnapojipanga mbele ya runinga zenu kutazama ile tamthilia ya muuaji anayewamaliza wanawake mmoja mmoja, yule mwanamke aliyelala chali kando ya mfereji ni mimi. Yule wa kwenye ghala ni mimi tena, wamenivika nywele za bandia. Juzi juzi nimekutwa kwenye bafu la hoteli. Mwenzangu tuliyeanza naye alishindwa kwa sababu kila akifa anapiga chafya. Mimi mwili wangu umetulia, na pale kazini hakuna anayeniita vingine ila Marehemu. "Marehemu, chai tayari!" Naenda, nakunywa.

Kinachonikera si kufa. Kinachonikera ni yale wanayoyasema nikishakufa.

Kuna bwana mmoja mle tunamwita Daktari. Ndiye nyota. Anaigiza mchambuzi wa tabia za wauaji, mtu wa kuitwa pale polisi wote wakishakwama. Basi anakuja na koti refu hata jua liwe la kupasua kichwa, anachuchumaa karibu na sikio langu, anafumba macho, anaanza: "Tunamtafuta mwanaume wa miaka thelathini na mitano. Mpweke. Anacheza chesi na nafsi yake. Mama yake hakuwahi kumkumbatia. Ana akili kutushinda sisi sote." Akimaliza anavuta pumzi ndefu na kutazama mbali, na pembeni polisi wameachama midomo. Haya yote kayajua kwa kunusa kola yangu. Loh! Na mimi chini pale nimejikaza nisicheke, sisimizi wananitambaa shingoni, nasema moyoni, baba wewe, hata jina langu hujaliuliza.

Na huyo muuaji wao ndiyo usiseme. Anaitwa Msanii. Anapanga maua juu ya maiti. Anawaachia polisi mafumbo kwa mwandiko wa kupendeza, anapiga kinanda, anapika, anavaa glavu nyeupe zisizoshika doa. Wanawake wanamwandikia mwigizaji wake ujumbe wa mapenzi, jamani, wengine wanatuma na picha. Muuaji! Watu wazima na akili zao wanabishana maofisini, wiki hii kaacha ua gani, maana yake nini. Wamepigwa changa la macho na wameridhika. Muuaji ninayemjua mimi hajui hata kubadilisha balbu.

Muuaji ninayemjua mimi ni shemeji yangu.

Nasema hivyo hivyo, sipindishi. Alikuwa mume wa dada yangu, dada yangu wa tumbo moja. Alikuwa akimpiga. Majirani walisikia, sisi tulisikia, na kila dada alipokimbilia kwetu jicho limevimba, baba mdogo alimrudisha mwenyewe hadi mlangoni, akavumilie ndoa yake. Baba mdogo ni mdogo wa marehemu baba, ndiye msemaji wa ukoo, na kusema ndiyo kazi pekee anayoiweza. Kisha asubuhi moja dada akakutwa jikoni kwake amekufa. Shemeji akasema ni wezi. Yeye hakuwepo, akasema, wezi waliingia. Wezi gani hao? Wezi walioacha redio, wakaacha simu mezani, wakafunga mlango kwa ufunguo walipoondoka, na ufunguo wenyewe wakaurudisha mfukoni mwa suruali ya shemeji. Wezi wastaarabu kweli kweli.

Polisi alikuja mmoja. Koti refu hakuwa nalo. Alikaa kwenye kiti chetu cha plastiki, kalamu yenyewe haiandiki mpaka aitikise, akauliza kama marehemu alikuwa na adui. Mimi nilikuwa chumbani nimemshika mtoto wa dada asitoke, lakini kwenye upenyo wa pazia niliona na kusikia kila kitu. Shemeji alikuwa pale pale kwenye kochi, kajifunika uso kwa leso, analia kwa kwikwi huku watu wanampepea. Mama alifungua mdomo. Baba mdogo akamwahi: "Hakuwa na adui, afande. Hatujui ni nani angeweza kumfanyia hivi." Afande akashukuru, akaaga. Mama akaufunga mdomo wake, na kuhusu jambo hilo hakuufungua tena.

Kilichobaki kwa dada ni binti yake. Tunamwita Kasuku kwa sababu ya maneno yake mengi, na anakaa na mimi na Mama. Hawezi kulala mpaka ashike sikio langu. Sasa shemeji kaoa tena, nyumba imepata mwanamke wa kufua na kupika, basi ghafla kakumbuka kuwa ana mtoto. Kamtuma baba mdogo. Baba mdogo naye, bila haya, akaja na kauli: mtoto ni wa baba yake, kikao Jumapili, shemeji atakuja na mkewe amchukue, yaishe kwa amani. Amani! Mama aliendelea kukunja nguo. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya bafu, nalia kwa hasira, maana nilijua Jumapili ikifika baba mdogo atasema, sisi tutanyamaza, na Kasuku atafungashiwa nguo.

Wiki hiyo hiyo nikafufuka. Mwigizaji aliyepangwa kuwa ndugu wa marehemu aligombana na mwongozaji, akabeba mkoba wake, huyoo, kaondoka. Mwongozaji, kijana mwenye miwani anayejiona kaumbwa peke yake, akaangaza macho huku na huku hadi akafika kwangu.

"Marehemu! Unaweza kuongea?"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba naongea tangu kabla hajazaliwa. Wakanivika gauni jeusi, wakaniketisha kwenye kochi, wakanipa kikombe kisicho na chai. Binti anayeshika karatasi za mchezo akanisomea maneno yangu, sentensi mbili tu. Daktari ataniuliza kama dada yangu alikuwa na adui. Mimi nitoe machozi kidogo, halafu niseme, "Hakuwa na adui. Sijui ni nani angeweza kumfanyia hivi."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Yalikuwa maneno ya baba mdogo, jamani, yameruka kutoka sebuleni kwetu yakaja kunikalia mapajani. 

Taa zikawaka. Daktari akainama na koti lake, akalegeza macho, akatoa ile sauti yake ya kwenye matangazo ya msiba. "Pole sana. Niambie, dada yako alikuwa na adui?"

"Ni mumewe," nikasema.

Ilinitoka yenyewe, hata mimi nilishtuka.

"Kata!" Mwongozaji akaja kasi. "Marehemu, mumewe hayumo kwenye hadithi."

"Hakuolewa?"

"Kaolewa, lakini mume hatumwonyeshi. Kasafiri. Hana kazi humu. Wewe sema ulichopewa."

Tukaanza upya. Daktari akainama tena, akalegeza macho tena, akauliza tena. Safari hii haikunitoka yenyewe. Niliitoa mwenyewe, kwa sauti, nikimtazama usoni. "Alikuwa anampiga miaka yote. Mlango ulifungwa kwa ufunguo. Ni mumewe."

"Kata, kata, kata!" Mwongozaji akavua miwani, akajipangusa uso. Akachuchumaa mbele yangu na kuongea polepole, kwa ule upole wa kumwelekeza mtu mjinga. "Dada yangu, nisikilize. Mume hauzi. Mtazamaji akijua ni mume, Jumanne ijayo atakaa kutazama nini? Mume anakamatwa siku ya kwanza tu, sisi tunafungasha virago tunarudi makwetu."

"Anakamatwa?" nikamwuliza. "Nani kakudanganya?"

 Akajibu Daktari, asiyeweza kuona nafasi ya kuongea ikapita bure. "Muuaji ni kiumbe wa aina yake, mama. Ana alama zake. Ni akili ya tofauti, si ya mtu wa kawaida tu wa nyumbani. Nimesoma sana kwa ajili ya nafasi hii."

Huyo ndiye msomaji wa watu, si ndiyo? "Daktari," nikasema, "umenichuchumalia tangu tamthilia inaanza. Jina langu nani?"

Akafungua mdomo. Akamtazama mwongozaji, akamtazama binti wa karatasi. "Ma... Marehemu," akasema.

Wakanivua gauni. Msusi wa zile nywele za bandia akapewa kochi langu na sentensi zangu mbili, akalia vizuri, akasema hakuwa na adui, wote wakampigia makofi. Mimi wakanirudisha kwenye bafu la hoteli. Nikalala chali kwenye maji ya baridi, Daktari juu yangu anaongea habari za chesi, nami nikawa naonja maneno yangu ulimini. Nilikuwa nimeyasema mbele ya watu, mara mbili, na paa halikuanguka. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani litaanguka.

Jumapili shemeji akaja kapiga pasi mpaka soksi, mkononi soda na paketi ya biskuti, nyuma yake mke mpya. Msichana mdogo, kumbe, sauti haisikiki, na kila akiulizwa kitu anamtazama kwanza mumewe usoni ndipo ajibu. Hata alipoulizwa kama atakunywa maji. Kasuku tulikuwa tumempeleka kwa jirani. Baba mdogo alikaa kwenye kiti kikubwa, shangazi pembeni yake, Mama kwenye mkeka, na shemeji akajibwaga kwenye kochi lile lile alilokalia siku ile akilia. Akanigeukia huku anatabasamu.

"Shemeji, nakuona kwenye runinga! Jumanne sikosi, waulize nyumbani. Unakufa vizuri sana, wewe."

Nikaipokea soda yake, nikaiweka sakafuni. 

"Na muuaji mwenyewe nishamjua," akaendelea, anajipiga kifua. "Ni yule mpiga picha wa gazeti. Mimi hanidanganyi mtu. Ila jamaa ana akili! Mtu wa akili zile hakamatwi hivi hivi."

"Mkwe wetu ana jicho la upelelezi," baba mdogo akasema, wakacheka wote wawili, haha, haha, meno nje. Halafu baba mdogo akakohoa, akaweka sauti ya kikao, akaanza kumwaga maneno. Yaliyopita yamepita. Marehemu alipatwa na watu wabaya wasiojulikana, Mungu atawalipa. Mtoto anahitaji baba. Mama mpya huyu hapa, kapatikana, mpole, mashallah. Kwa hiyo leo mtoto afungashiwe nguo zake aondoke na wazazi wake. "Kuna mwenye neno?" akauliza, na alipouliza alikuwa keshaanza kuinuka.

"Ninalo mimi," nikasema. Nikamgeukia shemeji. "Wewe ndiye uliyemuua dada yangu."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hili ndilo lililonikata maini. Hakuna aliyeshtuka. Baba mdogo, mwenye maneno ya kujaza gunia, hakuniambia nimerukwa na akili, alirudi kukaa na kuangalia viatu vyake. Shangazi alishika shavu. Shemeji mwenyewe, pale ambapo mtu aliyesingiziwa angepindua meza, aliufyata, akaikazia macho paketi yake ya biskuti. Hana glavu nyeupe, hana kinanda, hana fumbo la mtu kufumbua. Mwanaume mfupi anayetoka jasho puani, basi. Chumba kizima kilijua, miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina maana gani.

Aliyeuliza ni mke mpya.

"Kamuua nani?" akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilisikika hadi uani. "Mbona mimi niliambiwa alikufa kwa presha?"

"Nyamaza wewe!" Shemeji kashasimama. "Inuka twende. Hawa wana wazimu, familia nzima. Niitieni mtoto wangu."

"Mtoto haendi popote," akasema Mama.

Hata mimi niligeuka kuona ni nani kaongea. Mama alikuwa kajisogeza kwenye mkeka, katengeneza nafasi, anaipigapiga kwa kiganja. Hakumtazama shemeji hata kidogo. Alikuwa anamtazama yule msichana, ambaye alishaanza kuinuka kwa mazoea, mkoba begani.

"Wewe usiende, mwanangu," Mama akamwambia. "Njoo ukae hapa nikueleze. Mlango ulifungwa kwa ufunguo."

Shemeji alikuwa mlangoni, anamwita kwa kidole. Msichana akamtazama usoni, kama alivyozoea. Kisha akashusha mkoba begani, akaja akaketi.