Uunsi Kwenye Probox ya Dekow

Shemeji yangu Dekow hujua kila kitu. Gari lake lilikaa nyuma ya nyumba msimu mzima wa mvua, barabara ya Wajir ikiwa imekatika, na panya wakazaa chini ya kiti cha nyuma. Walitafuna sponji, wakajaza mavi mpaka kwenye matundu ya hewa. Dekow aliwasha feni eti itoe harufu, vumbi likajaa gari zima. Kisha akaingiza chetezo, akafunga vioo na kufukiza uunsi, ubani wa arusi, kana kwamba ugonjwa hufukuzwa kwa manukato.

"Nusa sasa," aliniambia. "Arusi tupu."

Gari lilinuka kama panya aliyealikwa arusini.

Siku hiyo dada yangu Hadiyo, mkewe, alikuwa anatoka arobaini ya uzazi. Dekow alitaka kumpeleka yeye na mtoto kwa mama mkwe, upande wa pili wa Habaswein, ili watu waone gari. Mtoto mwenyewe kifua bado kilikuwa kinakoroma. Nami nilikuwa nimemsikia mhudumu wa afya alipokuja ghala la unga ninakofanya kazi: mkojo na mavi ya panya yakikauka huwa vumbi, na vumbi hilo likivutwa huleta maradhi. Usifagie; lowesha kwanza kwa maji ya jiki, dawa ya kuua vijidudu.

Dekow akachukua ufagio mkavu.

"Usifagie, shemeji," nilisema kwa sauti ndogo.

"Wallahi, bubu kasema! Uliacha shule darasa la tano, leo ni daktari wa panya?"

Mimi hukosa jibu hata nikisalimiwa. Nilichukua ndoo ya maji ya jiki, nikayamwaga taratibu juu ya kiti.

"Naa, wewe mwanamke! Umeniharibia gari!"

Kelele zikamtoa Hadiyo nje. Alikitazama kiti, akamtazama mumewe.

"Nimejifungia arobaini nzima mtoto asipatwe na upepo, halafu nimwingize kwenye choo cha panya?"

Akamwita Salat wa mkokoteni wa punda, akapanda na mwanawe.

Nilifungua milango yote, nikangoja hewa ipite. Nikavaa glavu, nikafunga kitambaa puani. Uchafu ulipolowa vizuri niliuzoa kwa matambara, nikautia mfuko ndani ya mfuko, nikauzika. Dekow alisimama mbali, shuka mdomoni, akiwaeleza majirani jinsi alivyoniagiza.