Jumamosi ya Mwisho ya Idwal

Tangu asubuhi Gwenda alikuwa na neno kifuani, asijue alitolee wapi. Chama chao cha watembeaji kilikuwa kimekaa kikao bila Idwal, kikaamua kwamba mzee huyo, aliyewaongoza kila Jumamosi kwa miaka ishirini na sita, asije tena. Mara mbili alikuwa amewapoteza msituni. Kazi ya kumwambia wakamtwika Gwenda, kwa kuwa alikuwa shoga wa marehemu mkewe.

Siku hiyo walikuwa tisa. Manyunyu yaliwashika ndani ya msitu wa mialoni, matope yakang'ang'ania viatu. Wote walijua, basi hakuna aliyetaka kutembea karibu na Idwal. Mwenyewe alitangulia, ramani inaning'inia shingoni, akimtania Gwenda kwamba anatembea kama kondoo mwenye mimba.

Walishukia mashamba ya kando ya mto Wye, wakaketi penye ua wa miti kula mikate yao. Gwenda akaona wakati ni huu. Alipogeuka, Idwal hayupo.

Walimkuta shamba la pili, ukingoni kabisa pa mto uliofura, maji yakimlamba viatu, macho ng'ambo. Gwenda akawaashiria wenzake wabaki langoni, akaenda peke yake, akamshika mkono wa koti.

"Nesta kachelewa," Idwal akasema. "Mwambie avukie darajani. Hapa maji mengi."

Nesta, mkewe, alikuwa na mwaka wa nne kaburini.

"Nitamwambia," Gwenda akajibu. "Rudi nyuma kidogo, mzee wangu."

Alirudi. Akaitazama ramani, akaigeuza juu chini, kisha akawatazama wale waliosimama langoni. Fahamu zikamrudia, zikaja na uchungu wake.

"Wamekutuma wewe, siyo?"

"Wamenituma. Usitembee nasi tena, Idwal. Tunaogopa kukuzika."

"Afadhali wewe." Akaivua ramani, akamvika. "Ukipita zizi, kata kushoto. Usiwapitishe kwenye mahindi, mwenye shamba ana mdomo."

Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma kabisa. Penye magari walimpa mkono mmoja mmoja, kama watu wanaotoka mazishini, wakaondoka upesi.

Gwenda alimrudisha kwake kwa gari. Mlangoni Idwal akamshukuru, akasema kumbe wametembea vizuri leo.

"Na Jumamosi ijayo tukutane saa ngapi?"

Ikabidi amwambie upya.