Mathilde na Ndugu wa Neno

Mathilde Kavira alijigonga kidole cha mguu kwenye meza yake ya vitenge, akapiga ukelele kwa Kinande. Hakuwa ameitamka lugha hiyo kwa sauti tangu vita vya Kongo vimfungie njia ya kurudi kwao Butembo. Pale sokoni Bujumbura aliuza kwa Kiswahili, na chumbani kwake mtaa wa Bwiza alisali kwa Kiswahili.

Mwanamke aliyekuwa akichagua kitambaa akainua uso. "Umesema kwa lugha gani, mama?"

Mathilde akaanza kukunja vitenge. Miaka ile, aliyekuuliza lugha alikuwa anatafuta kabila, na aliyetafuta kabila hakutafuta heri. "Mi ni mutu wa Kongo. Unanunua ao haununui?"

Yule mwanamke akanunua, ndipo akajieleza. Aliitwa Adélaïde, mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa akitengeneza kamusi ya lugha za Kibantu ndani ya kompyuta: neno la Kirundi, kando yake ndugu zake wa lugha nyingine, na sauti za watu wakiyatamka. Wa kumsemea lugha ile aliyoisikia hakuwa naye.

"Kabila lako wala jina lako sitaandika," alisema. "Nitajie moto, mvua, kucheka. Basi."

Wiki nzima Mathilde alijiambia haendi. Jumapili baada ya misa akajikuta mtaa wa Nyakabiga, anabisha mlango wa mwalimu huyo.

Ndani alimkuta Adélaïde na mzee Yahaya, fundi redio wa Buyenzi. Umeme ulikuwa umekatika, naye Yahaya alikuwa ameiunga kompyuta kwenye betri ya gari. Yeye ndiye pia aliyesemea Kiswahili.

"Umuriro," Adélaïde alianza kwa Kirundi.

"Omuliro," Mathilde akajibu, kwa sauti ndogo.

"Moto," akasema Yahaya, kisha akacheka. "Eh! Kiswahili kimekimbia ndugu zake."

"Abantu."

"Abandu."

"Watu. Hapo tumerudi nyumbani!"

Mathilde naye akacheka, akasogeza kiti karibu na mashine.

Walipofika kwenye neno ubuntu, Adélaïde alieleza kwamba kwa Kirundi ni ule utu wa mtu, wema wake kwa wenzake.

"Sisi tunasema obundu," Mathilde akasema. "Lakini kwetu ni bugali. Ile ya muhogo, unakula na samaki."

"Bugali?" Yahaya akashika kichwa. "Madamu, utaandika nini sasa?"

"Nitaandika yote mawili," Adélaïde akajibu, macho yakimng'aa kwa furaha. "Mama Mathilde, eleza inavyopikwa. Kwa Kinande, kama unamweleza mtu wa kwenu."

Mathilde akaanza polepole. Akamtaja mama yake, maji yanayochemka, mwiko mkubwa uliowashinda watoto. Mikono ikaanza kusonga hewani. Akamwigiza shangazi aliyekuwa akionja kila chungu, akacheka peke yake, akaendelea. Wenzake hawakuelewa hata nusu, ila hawakumkatiza. Ghafla akajishtukia.

"Munisamehe. Nimeongea sana."

"Apana," akasema Yahaya. "Mashine bado ilikuwa inataka."

Adélaïde akabonyeza kitufe, na sauti iliyorekodiwa ikatoka kwenye spika.

"Ule ni mi?" Mathilde akauliza.

"Ni wewe."

"Nafanana na mama yangu." Akafuta macho kwa ncha ya kitenge huku akitabasamu. "Rudisha kidogo."

Wakaisikiliza tena. Kisha Adélaïde akaomba afundishwe kushukuru.

"Wasingya," Mathilde akasema.

Adélaïde akarudia, akakosea. Mathilde akamsahihisha, tena na tena, bila kumhurumia, mpaka saa ya kuwahi nyumbani kabla ya amri ya kutotembea usiku.

Jumapili iliyofuata alikuja na Lisette, jirani yake, mzaliwa wa Bukavu anayesema Kishi. Kufikia alasiri wanawake hao wawili walikuwa wakibishana kuhusu jina la kunguru, Yahaya akiwachochea, na Adélaïde akichapa upesi kadiri vidole vyake vilivyoweza.