Sukari ya Njuguna

Njuguna alilala kwenye kitanda chembamba katika hospitali ya kibinafsi mjini Nakuru, akadungwa sindano ya sukari iliyotiwa miale. Ililetwa asubuhi hiyo kwa gari kutoka Nairobi, na dereva hakuruhusiwa kusimama hata Naivasha, kwa kuwa nguvu yake hupungua njiani.

Daktari Eucabeth alimweleza vizuri. Msuli wa moyo ulio hai hula sukari, na ukila, huwaka kwenye picha. Wake ukiwaka, atapasuliwa ili damu itengenezewe njia mpya. Usipowaka, basi umekufa, na kumpasua ni kumsumbua bure.

Nje, kwenye benchi, kaka yake mkubwa, Kihara, alikuwa akisoma gazeti. Ndiye aliyemleta kwa pikapu.

Picha ilipotoka, kifua cha Njuguna kilikuwa cheusi. Daktari alichukua kipimo cha miale, akaufuata mlio wake hadi kwenye korido, akasimama mbele ya benchi. Kihara aliombwa aingie mashineni. Alivua saa, akalala. Moyo wake uliwaka kama jiko la makaa lililopepewa.

"Mzee, sukari yako imeenda kwake," daktari alimwambia Njuguna. "Kwa ndugu hutokea."

"Najua."

Utotoni, kule Subukia, mama yao alitia sukari kwenye chai ya Kihara peke yake, kwa kuwa ndiye aliyepelekwa shule. Njuguna alikamua ng'ombe. Baba alipofariki, shamba liliandikishwa kwa jina la aliyejua kusoma.

"Dawa yake ni nini?" Njuguna aliuliza.

"Aliye nayo aachilie tu. Akikubali, tutapiga picha nyingine."

Wakamtazama Kihara, aliyekuwa akifunga vifungo vya shati.

"Niachilie nini, daktari? Mimi nilikuwa nasoma gazeti."

"Hata shamba hukuchukua," alisema Njuguna. "Ulikuwa unasoma."

"Wivu ndio umekumaliza huo moyo. Tangu tukiwa watoto unahesabu vijiko vyangu."

"Vitatu. Na ulikuwa unakoroga polepole ili nione."

Kihara alisema atalifikiria jambo hilo wakishavuna mahindi. Daktari alisema moyo wa mgonjwa huenda usifike mavuno. Kihara alikubali kwamba hiyo ni kweli, kisha akauliza kama angeweza kupewa nakala ya picha yake.

Sasa picha hiyo imetiwa fremu na kutundikwa sebuleni kwa Kihara, juu ya televisheni. Wageni huisifu rangi yake. Njuguna huja baada ya kanisa, akipumzika kwenye kila geti njiani, na huitazama akiwa amesimama, mkono kifuani, akijiona anavyowaka.

Jumapili iliyopita aliisogelea mno. Kihara alimwomba akae chini, kwa kuwa wengine walikuwa hawaoni.