Bawa la Kasuku

Historia ya usafiri wa anga haimtaji Ulbio Cedeño hata kwa bahati mbaya, na ina haki. Alipokuwa na miaka kumi na minne alijenga ndege ya rimoti yenye mabawa mawili ya kushoto. Haikuruka. Ilizikwa kwa heshima zote nyuma ya banda la kuku, na dada yake Zoila ndiye aliyetoa hotuba ya mazishi.

Sasa Ulbio alikuwa mstaafu mwenye kitambi cha kuheshimika, na juu ya meza ya chakula ya nyumba yao mjini Quevedo lilikaa boksi la aina ileile ya ujanani, lenye ndege nyekundu ikipasua mawingu. Mzee mmoja wa mji wa Guayaquil alikuwa amelitunza miaka yote bila kulifungua. Ulbio alipoinua kifuniko, harufu ya balsa kavu, ule mti mwepesi wa kuundia ndege, ilimpanda puani, na papo hapo akawa amevaa kaptula, ana vidonda magotini. Mti wenyewe huenda uliota ng'ambo ya mto, ukapelekwa nchi za mbali kupasuliwa vijibao vyembamba kama biskuti, kisha ukarudi nyumbani ndani ya boksi. Ulikuwa umetembea dunia kuliko yeye.

Jumatatu Zoila angehamia Hispania kwa binti yake, na asingerudi. Ulbio aliomba jambo moja tu kwa Mungu: dada yake aione hii ikiruka kabla hajaondoka.

"Itaruka?" aliuliza Zoila, akimwekea bolon, donge la ndizi za kupondwa linalofuka mvuke, jibini ikichungulia.

"Kama malaika."

"Hata yule wa kwanza ulisema malaika. Tukamfukia."

Mchoro ulionyesha bawa la kushoto peke yake. Ukitaka la kulia, unapaka karatasi mafuta ya kupikia mpaka mistari ionekane upande wa pili, unaigeuza, unajenga juu ya mgongo wake. Utotoni Ulbio aliona mafuta ni mambo ya jikoni. Safari hii aliyapaka kama padri anayebatiza, akaigeuza karatasi, kisha akajinyoosha kidogo kwenye kitanda cha bembea, maana joto la mchana halina adabu.

Akaota. Ndege za kunyunyizia dawa migomba zilipita juu ya paa, polepole kama samaki, na moja ilikuwa nyekundu, naye ndiye rubani, na chini kabisa Zoila wa utotoni alikuwa akimpungia mkono badala ya kumcheka.

Alipoamka, ndoto ilikuwa bado imemng'ang'ania kope. Je, karatasi alikuwa ameigeuza? Akaigeuza. Maandishi yakasomeka vizuri, naye akaona ni dalili njema. Masikini! Maandishi yakisomeka, karatasi imerudi upande wa kushoto, na huo ndio msiba wenyewe.

Jumamosi asubuhi aliweka mabawa pamoja. Zoila akayatazama.

"Ulbio."

"Usiseme."

"Sisemi. Nauliza tu jembe liko wapi."

Ulbio hakucheka. Aliketi, mikono yenye gundi magotini. "Vijibao vya boksi vimekwisha, dada. Na balsa ya msituni ina maji. Mpaka ikauke, wewe uko Hispania."

Zoila alikwenda chumbani, akafungua sanduku lililokwisha fungwa, akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye shali. Alikuwa kasuku wa kuchongwa kwa balsa, mkubwa, wa kijani, ambaye mama yao alimnunua sokoni na kumtundika ukutani.

"Huyo ni wa mama!"

"Huyu ni ndege aliyezeekea kwenye msumari. Nimpeleke Hispania akakae kwenye msumari mwingine? Leta msumeno, mdogo wangu. Kichwa uniachie."

Wakakata mbavu za bawa siku nzima, yeye akipasua, Zoila akishika.

"Soma hapo kwenye mchoro," Ulbio alimwambia kila mara.

"Haisomeki."

"Safi. Soma tena."

Jumapili, kwenye uwanja wa shamba la migomba, ndege za dawa zilikuwa zimelala. Zoila, na gauni lake la kanisani, alivua viatu, akakimbia, akairusha ndege kwa mkono. Iliyumba, ikazama karibu kugusa nyasi. Ulbio akavuta kijiti cha rimoti. Kisha ikainua pua na kupanda, ikivuma kama nyuki, na jua likapenya karatasi nyeupe ya bawa la kulia, likaonyesha mbavu za kijani.

"Inavuta kulia," alisema Zoila, kiganja juu ya macho.

"Kasuku hajazoea."

Kengele ya misa ililia mbali. Mafuta ya injini yalikuwa yakifika ukingoni, na fundi yeyote mwenye akili angekwisha ishusha.

"Niishushe?"

Zoila hakugeuka kumtazama.

"Zungusha tena," alisema.