Pole Zilizofika Vihingo

Siku tuliyomzika mama yangu pale Picha ya Ndege, Kibaha, Aneth alikuja na simu. Naanza na hilo ili usije ukamwonea huruma kabla hujajua alichonifanyia.

Nilipoanguka mbele ya jeneza, kitenge kilinifunguka, petikoti ikawa nje. Wanawake wengine walikimbilia kunifunika. Aneth, rafiki yangu kwa miaka kumi na moja, alisogea kurekodi. Kwenye video yake mimi niko nyuma, chini, mbele ni uso wake na machozi yake mazuri, na maneno: "Nipo na rafiki yangu katika kipindi kigumu." Akaondoka hata kaburi halijafukiwa. Watu elfu arobaini waliitazama, na wengi walijadili petikoti.

Nilipomwomba aifute alinijibu, "Dada Eugenia, nchi nzima imekupa pole, bado unalalamika?"

Sikumwomba tena. Lakini katibu wa kikundi chetu cha akina mama wa Maili Moja, Aneth akiwemo, ni mimi, na nilijua kufiwa ni zamu.

Zamu yake ilifika mwezi wa nane. Baba yake, mzee Anselmi, alifariki kwao Vihingo, Kisarawe. Kwetu mwanachama akifiwa, katibu anampigia kila mtu, tunakodi basi la Kosta, tunapakia masufuria, mikeka na mchele, tunakwenda kushika jiko. Mfiwa hagusi moto mpaka matanga yaanuliwe.

Safari hii sikumpigia mtu. Niliandika kwenye grupu: "Mwenzetu anapenda mambo ya mtandaoni. Tumpe pole hukohuko, kwenye ukurasa wake." Wote walikuwa wanaikumbuka ile video, hakuna aliyeuliza habari za Kosta. Wakamwekea mishumaa, maua na "tupo pamoja mamii." Wa kwanza kuweka nilikuwa mimi, na usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu ajabu.

Siku ya mazishi nilipanda bodaboda peke yangu kutoka Kisarawe mjini mpaka Vihingo. Sitasema uongo, nilikwenda kumtazama anavyoumbuka.

Nilikuta watu wamejaa uwanjani na hakuna moshi. Shangazi yake mmoja alininong'oneza kwa hasira, "Aneth katukataza kuleta masufuria. Kasema ana watu wake wa Kibaha, wanakuja na kila kitu, tusimtie aibu na vyungu vyetu vyeusi. Na sisi tumekaa, tunawasubiri hao wakubwa." Saa tano ilikuwa inakaribia, na waliochimba kaburi hawajapata hata chai. Nilifurahi mpaka nikaziba mdomo kwa kanga.

Aneth alikuwa mkekani, simu mkononi. Aliponiona aliinuka mbio.

"Wenzako wako wapi?"

"Si wameshakupa pole? Au hazijafika?"

Aliinamia simu yake, akaona ile mishumaa na maua, akaelewa. Nilitamani awepo mtu wa kumrekodi.

Ndipo tukasikia kuni zinavunjwa nyuma ya nyumba. Tulimkuta mama yake, Bi Laurentia, amepiga magoti peke yake mbele ya mafiga, anapuliza moto. Alikuwa mjane wa siku mbili, mume bado yuko ndani ya jeneza, na anawapikia wageni.

Aneth alimpigia magoti, akamwekea simu mbele ya macho. "Mama, acha, nakuomba. Ona, wote hawa wametupa pole."

Bibi wa watu hajui kusoma. Aliitazama ile simu kwa heshima, akaangalia majina yanavyopita chini ya kidole cha mwanawe.

"Ni wengi," alisema. "Watapika saa ngapi?"

Aneth aliizima simu. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na nilikosa ujasiri wa kulitoa. Nilimwinua yule mama nikapiga magoti mahali pake. Akanishika kichwa, akaniita mwanangu, akamwomba Mungu anilipe kwa kuja kutoka mbali. Nilipuliza ule moto huku nalia kuliko nilivyomlilia mama yangu mwenyewe.

Aneth sijamsamehe. Ila mama yake hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani, anataka kunishukuru. Huwa naiacha iite mpaka ikatike.