Silabi za Vitambaa

Fundi wa nguo alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, humjibu, "Suruali iko vile vile, kaka. Ni wewe uliyeongezwa kitambaa." Watu hucheka, wakalipa. Lakini tangu mumewe azikwe, utani huo ulikuwa kama koti la kuazima: ulimfunika, haukumpa joto.

Binti yake wa miaka sita aliitwa Chiriku kwa kuongea bila kituo. Baada ya msiba aligoma shule. Kila asubuhi alikumbatia nguzo ya lango, akalia mpaka akatapika. Fundi akamrudisha nyumbani.

"Nitamfundisha mwenyewe," alisema. "Kama naweza kumtafutia bwana harusi kiuno asichokuwa nacho, nitashindwa na a-e-i-o-u?"

Wifi yake, dada wa marehemu, hakucheka.

"Wifi, mtoto wa kaka yangu hawezi kukulia kwenye vipande vya nguo. Nakupa mpaka likizo. Nikija akanisomea ukurasa mmoja, abaki. Akishindwa, namchukua, akasome kwangu."

Wakubwa wa ukoo wakaunga mkono, na mjane ni nani wa kubishana na kikao?

Fundi akaingia kazini. Kila silabi aliikata kwenye kitu ambacho jina lake, au la mwenye nacho, linaanza nayo. BA ilitoka kwenye koti zito la baba. TA, taulo kuukuu. PA, pazia. GU, gunia, lililomwasha mtoto vidole. MA aliikata kwenye pindo la gauni lake mwenyewe la kushindia, na gauni likapanda, likaacha magoti yanachungulia. Akazishona kwenye kurasa za kitambaa cheupe, wakapata kitabu.

Chiriku alipapasa koti, kisha taulo. "Ba-ta. Bata!" Koti na koti: "Baba." Hapo alikawia, shavu juu ya ukurasa, na Fundi akajifanya anatafuta sindano.

Kabla ya likizo alikuwa anakimaliza kitabu kizima, tena amefumba macho. Fundi akawatambia wateja.

"Wenu wanakodoa macho na bado wanakosea. Wangu macho ameyapumzisha!"

Walicheka wote, yeye kuwashinda.

Wifi akaja na kitabu cha dukani, kipya, kinanukia wino. Akasukuma vitambaa kando, akakifungua mezani.

"Haya, mwanangu. Msomee shangazi."

Fundi alichungulia. *Mama, bata! Baba, bata!* Akashusha pumzi. Hilo ni la kumeza bila kutafuna.

Chiriku akafumba macho. Akapitisha kidole ukurasani, akakirudisha. Akafunua ukurasa wa pili, akapapasa. Wa tatu.

"Shangazi, hiki chote ni karatasi."

"Ndiyo, mama, ni karatasi. Imeandikwa nini?"

"Karatasi."

Fundi akaliona kosa lake, kama siku ile alipokata kitambaa cha mteja kabla ya kupima.

"Fumbua macho, Chiriku. Itazame hiyo. Si ni ba? Ile ya koti?"

Mtoto akatazama kwa bidii mpaka machozi yakamlenga.

"Koti liko wapi?"

"Mpe wiki moja, wifi," Fundi alisema. "Kosa ni langu, si lake. Nitazikata upya zote, kwa kitambaa kimoja."

"Muda ulikuwa nao, wifi." Hakusema kwa ukali, afadhali angefoka. "Mfungie nguo zake."

Fundi akafunga. Kitabu cha vitambaa alikichomeka chini kabisa ya begi, katikati ya soksi. Wifi alikikuta, akakitoa taratibu, akakiweka juu ya cherehani.

"Hiki kitamrudisha nyuma."

Kwenye gari, Chiriku hakulia. Alinyoosha mkono dirishani, akashika gauni la mama yake, akalisugua kwa kidole gumba. "Ma." Akalisugua tena. "Ma."

"Anakuita, wifi," shangazi alisema, sauti imemlegea kidogo.

"Haniiti," Fundi alijibu. "Anasoma."

Gari likaondoka.

Jioni mteja alifuata suruali yake, akakuta zipu imeshonwa nyuma. Aliinyanyua juu, akasubiri kutaniwa, tayari anacheka. Fundi aliipokea, akaanza kuifumua.